Kinachoisukuma Elbo ni Presha Kuliko Mwendo

Vitabu vingi vya mekanika ya maji huiweka hesabu ya kani inayoielemea elbo katika sura ya momenta, na mwanafunzi hutoka hapo akiamini kwamba maji huisukuma elbo kwa sababu yamegeuzwa njia. Imani hiyo si ya uongo, lakini ina hatari yake, kwa kuwa humfanya mtu aukodolee macho mwendo na kuisahau presha. Chukua bomba kuu la maji lenye kipenyo cha milimita 300, elbo ya nyuzi 90 iliyolala chini, presha ya baa 10 na kasi ya mita 2 kwa sekunde. Eneo la mdomo wa bomba ni mita za mraba 0.0707. Baa 10 ni paskali 1,000,000, kwa hiyo presha peke yake inausukuma kila mdomo kwa nyutoni 70,700. Momenta tunaipata kwa kuzidisha kilo 1,000 za kila mita ya ujazo ya maji, eneo lile lile, na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, yaani 4. Jibu ni nyutoni 283 tu, chini ya nusu ya asilimia moja ya kazi ya presha. Kwa kuwa midomo miwili imekaa kwa pembe mraba, jumla yake ni takriban nyutoni 100,400 zikielekea upande wa nje wa kona, karibu sawa na uzito wa tani 10.

Sasa funga valvu polepole, maji yasimame kabisa. Presha ikibaki ile ile, kani inashuka hadi nyutoni 100,000, na hakuna elbo itakayoihisi tofauti hiyo. Tena maji yakisimama presha huweza kupanda, kwa kuwa hakuna inayopotea njiani kwa msuguano. Ndiyo maana saa za usiku, watu wanapokuwa wamelala na mabomba hayatumiki, zinaweza kuielemea elbo kuliko asubuhi maji yanapokwenda mbio.

Kuna kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko momenta yote. Mabomba ya soketi yenye mpira hayazuii maji kwenye kipenyo cha ndani. Maji hupenya hadi kwenye mpira, na mpira umeukumbatia mgongo wa bomba. Eneo linalosukumwa ni la kipenyo cha nje. Bomba la chuma cha daktaili linaloitwa DN 300 lina kipenyo cha nje cha milimita 326, na kwa namba hiyo kani inapanda hadi nyutoni 118,000. Kisha yanakuja majaribio: bomba hilo likipimwa kwa baa 15, tunafika nyutoni 177,000. Kwenye udongo unaoweza kuhimili nyutoni 100,000 kwa mita ya mraba, zege la kuegemeza elbo linahitaji uso wa mita za mraba 1.77. Aliyetumia kipenyo cha ndani na presha ya kawaida atakuwa amejenga 1.0 tu.

Mtu atauliza: mbona mzimamoto hurudishwa nyuma na mpira wake wa maji? Hapo momenta ndiyo inayotawala, kwa sababu maji yakishatoka hewani presha yake juu ya ile ya hewa ni sifuri. Mdomo wa milimita 20 unaotoa maji kwa mita 30 kwa sekunde humsukuma kwa nyutoni 283, zile zile tulizoziona ndogo kwenye bomba kuu. Mwingine atataja valvu inayofungwa ghafla, na hoja yake ni nzito. Mrusi Joukowsky alionyesha mwaka 1898 kwamba presha inayoongezeka ni zao la densiti ya maji, kasi ya wimbi la presha na kasi iliyokatizwa. Wimbi likienda mita 1,000 kwa sekunde, kukatiza mita 2 kwa sekunde kunaongeza baa 20. Kasi imeleta madhara kweli, lakini imeifikia elbo ikiwa imeshageuka presha. Na anayesema bomba la kuchomelewa halihitaji zege anasema kweli mara nyingi, ila kani haijatoweka: imebebwa na ukuta wa bomba, au na bolti pale penye flenji. Kuutegemea udongo wa kufukia ni jambo jingine, maana mara nyingi majaribio hufanywa viungo vikiwa wazi ili uvujaji uonekane.

Kwa hiyo anayechora zege la elbo aandike kwenye mchoro wenyewe presha ya majaribio na kipenyo cha nje alivyotumia, ili fundi na mkaguzi waweze kuirudia hesabu kabla bomba halijajazwa maji.