Mahakama Haitungi Nyimbo: Kuhusu Darkness on the Edge of Town

Wahakiki wengi wa muziki wa Marekani huieleza santuri ya Bruce Springsteen, Darkness on the Edge of Town, kuwa ni zao la kesi. Hoja yao ina msingi. Baada ya Born to Run kumpatia umaarufu mwaka 1975, Springsteen alitambua kwamba mikataba aliyoitia sahihi mwaka 1972 ilimpa meneja wake, Mike Appel, mamlaka makubwa juu ya nyimbo na mapato yake. Mnamo Julai 1976 alimshtaki. Appel naye akamshtaki, na mahakama ya New York ikamzuia mwimbaji kurekodi pamoja na Jon Landau, mtayarishaji aliyemtaka. Mfinyanzi akawa hana ruhusa ya kugusa udongo wake.

Hata hivyo, tarehe zenyewe zayapunguzia nguvu maelezo hayo. Shauri lilimalizika kwa mapatano Mei 1977, na santuri ikatoka Juni 1978. Yaani kesi ilichukua miezi 10. Msanii mwenyewe akachukua zaidi ya 12. Katika muda huo alirekodi makumi ya nyimbo, akabakiza 10 tu. “Because the Night” alimwachia Patti Smith, aliyeukamilisha kwa maneno yake na kuvuma nao mwaka 1978. “The Promise”, ambao wengi waliufasiri kuwa wahusu kesi, haukuingizwa.

Uteuzi huo ndio unaopasa kuhakikiwa. Katika “Factory” hamna meneja wala wakili. Yumo baba aendaye kiwandani alfajiri. Katika “Adam Raised a Cain” yumo mwana anayerithi uchungu wa babake. Ni kweli kwamba kwa kuziweka kando nyimbo za furaha, msanii aliifanya santuri yake iwe na sauti ya huzuni karibu mfululizo. Lakini kwa njia hiyo dhuluma ya mkataba mmoja, kama imo, imegeuzwa kuwa swali la tabaka zima: ni nani mwenye haki juu ya jasho la mtu?

Basi mhakiki anayekomea kwenye faili la kesi humpokonya msanii, kwa mara ya pili, kile kile alichokidai mahakamani: haki ya kuamua kazi yake iweje.