Kabla Upepo Haujaamka

Fundi aliniambia nifike saa kumi na moja alfajiri. Nikadhani ananitania, maana nani huamka gizani kwenda kupaka rangi dashibodi ya Carina? Lakini aliyekaa Same walau wiki moja hahitaji kuelezwa. Mji wetu umekaa upande ule wa Milima ya Upare ambao mvua huupa kisogo. Mawingu yanayopanda kutoka baharini humaliza maji yao kule juu, kwenye misitu ya Chome, na sisi wa bondeni tunaachiwa upepo. Jua likipanda, upepo nao unaamka, na vumbi linaanza kutua juu ya kila kilicho kibichi: nguo kwenye kamba, unga ulioanikwa, rangi. Kwa siku nzima fundi ana saa chache tu za hewa safi. Nilipofika alikuwa ameshanyunyizia maji sakafu ya kibanda chake na kushusha turubai upande wa barabara kuu. Mwanafunzi wake alikuwa anafuta vipande vya plastiki vilivyopangwa mezani kama samaki wa kukaanga.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Usiingie na viatu hivyo."

Fundi injini akifaulu, gari linanguruma na jirani anasikia. Fundi bodi akifaulu, gari linang'aa na mtaa mzima unakuuliza umelinunua lini. Huyu wa ndani akifaulu, hakuna anayeona chochote. Abiria anakaa, anafunga mlango, anaanza kuzungumzia bei ya tangawizi. Pengine ndiyo maana hata jina la kazi yake halijakubalika. Wengine humwita fundi siti, wengine fundi wa dashibodi, na nimesikia mama mmoja sokoni akimwita "yule anayeosha plastiki". Hayo yanasemwa Upare, nchi ambayo mafundi waliwahi kuitawala. Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya Wapare, ameeleza kwamba huko Ugweno ukoo wa Washana, wafua chuma, ndio walioshika nchi kabla ya Wasuya kuwapindua. Nilimwambia fundi habari hiyo. Akaniuliza kama Washana walilipwa taslimu.

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika miaka mingi, kisha tunayaegesha juani kutwa nzima, vioo vimefungwa. Plastiki laini ya dashibodi ina mafuta ndani yake yanayoifanya inyumbulike, na joto huyafukuza kidogo kidogo. Ule ukungu unaonata upande wa ndani wa kioo cha mbele, unaousugua kila Jumamosi ukidhani ni vumbi tu, sehemu yake ni dashibodi yako inayohama. Mafuta yakipungua plastiki inakakamaa, halafu inapasuka. Sponji iliyoshikana na kitambaa cha dari nayo inageuka unga, na dari linaning'inia mpaka linamvua kofia abiria mrefu.

Dawa ya wengi ni kufunika. Kuna lile zulia la manyoya lenye nyuzi za kuning'inia, ambalo kwenye Noah zinazopanda milimani limekuwa kama kitambaa cha meza ya sebuleni. Sina ugomvi nalo. Mimi nilifanya vibaya zaidi: nilinunua kopo la spreyi nyeusi ya kung'aa nikapaka mwenyewe, mchana, nje ya nyumba. Rangi ilijikunja mbele ya macho yangu ikaacha vishimo vya mviringo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kufikia jioni vishimo vilikuwa vimejaa mchanga.

"Polishi," fundi alisema alipoiona, hata kabla hajaigusa. Ile polishi ya kung'arisha dashibodi, tunayopakiwa kila gari linapooshwa, mara nyingi huwa na silikoni, na silikoni haikubaliani na rangi. "Umeipaka mafuta miaka sita, leo unataka ishike rangi. Wewe ukijipaka mafuta ya nazi, plasta itakukaa?"

Basi sehemu kubwa ya kazi niliyokwenda kuitazama ilikuwa kuosha. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuona ufundi, na kwa muda mrefu nilichoona ni mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Walisugua mara tatu, wakafuata kila mfereji wa plastiki na kila herufi ya vitufe. Kisha ikaja spiriti, na kitambaa kilibadilishwa kila kipande kipya, kwa kuwa kitambaa kile kile kinarudisha ulichokwisha kuondoa. Kwenye mikunjo ilitoka udongo mwekundu wa barabara za milimani, na harufu ya tangawizi ya Mamba niliyowahi kubeba magunia mawili na kuisahau.

Hata kubandua kuna adabu yake. Vipande hivi vimeshikwa na klipu za plastiki ambazo joto la miaka limezifanya ziwe kama biskuti, na bisibisi ndiyo huzimaliza. Fundi anatumia mwiko wa mbao aliouchonga ncha na kuuvisha kitambaa, na huwa anabandua saa saba mchana, wakati jua limelainisha kila kitu. Gari langu lilibanduliwa jana yake. Skrubu haziwekwi kwenye kopo. Anachora umbo la kipande kwenye boksi la katoni, halafu anachomeka kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Anayekusanya skrubu zote kwenye kopo moja, aliniambia, atamaliza kazi akiwa na nne mkononi, na zitamsumbua usiku.

Kisha anageuza kipande nyuma na kusoma. Sikuwahi kujua kwamba kuna maandishi kule. Kiwandani hugonga herufi za aina ya plastiki: ABS, au PP. Fundi anazisoma kama muuguzi anavyosoma kundi la damu, kwa sababu kukosea ni hasara. ABS inapokea rangi vizuri, ila tinna ikizidi inaiyeyusha. PP haiyeyuki hivyo, lakini haishiki rangi pia; bila praima yake maalumu, rangi itatoka kwa ukucha, kama ganda la yai lililochemshwa. Ukafuata msasa wa maji, namba 400 halafu 600, kwa mkono mwepesi. Plastiki ya ndani ya gari ina vinyweleo vilivyochongwa kuiga ngozi, na ukisugua mpaka vikalala huvirudishi tena. Utabaki na upara mmoja unaong'aa katikati ya paneli, na kila jicho litakwenda hapo hapo.

Nilikuwa nimekuja na shilingi 60,000, nikamwomba afanye ndani nzima. Hakucheka wala kukataa. Aliingia akakaa kiti cha dereva, akafumba macho, akaanza kupapasa: usukani, kirungu cha gia, mkono wa kufungulia mlango, vitufe vya vioo, ukingo wa dashibodi. "Mkono wako unafika hapa," alisema. "Pesa yako nayo iishie hapa." Sehemu nyingine zote zilioshwa zikaachwa na uzee wao. Ule ufa mrefu juu ya dashibodi alikataa kuuziba. Puti ya bodi ni ngumu, na dashibodi inavimba mchana na kusinyaa usiku, hivyo puti ingepasuka ndani ya mwezi na kuacha ufa mbaya kuliko wa kwanza. Alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa usiendelee kutembea, akaweka gundi kwa chini, basi.

Watani wetu wangesema huo ni upare tu. Wanasema Mpare hula ugali kwa harufu ya mchuzi wa jirani, na kwamba yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Mji huu wenyewe una kumbukumbu ya namna hiyo: Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika hapa Same, makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru, wakidai hawakukubaliana nayo, na mwishowe kodi ile iliondolewa. Mimi naona ubahili wa fundi huyu unafanana zaidi na ndiva. Ndiva ni yale mabwawa madogo ya mawe na udongo kule juu, ambayo hukusanya maji ya kijito usiku kucha, kisha hufunguliwa asubuhi na maji kwenda mashambani kwa zamu. Kijito hakikuongezeka hata tone. Fundi naye anachanganya rangi kwenye kifuniko cha chupa, akikadiria kwa jicho, na kinachobaki anakifunga kwenye kichupa na kuandika juu yake aina ya gari.

Paneli ya mlango wa nyuma ilikuwa na ugonjwa mwingine. Chini ya kitambaa chake kuna hadibodi, na maji ya mvua yalikuwa yameivimbisha kama mkate uliolowa. Aliilaza juu ya hadibodi mpya, akaizungushia penseli, akakata. Nilipokuwa nimeishika ile mbovu, nyuzi zake zikimeguka vidoleni, nilifikiria mkonge wa Makanya na Ndungu. Miche yake ya kwanza ililetwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida. Iliyofika ikapandwa ilikuwa 62 tu. Miaka mia moja baadaye viwanda vya magari vya Ujerumani vikaanza kugandamiza nyuzi za mimea, katani ikiwemo, kutengeneza paneli za milango, kwa sababu ni nyepesi na imara. Kwa hiyo Benz inayopita hapa kwenda Arusha huenda imebeba mlangoni ndugu wa mmea uliosimama pembeni ya barabara. Fundi hakushangaa. Alipokuwa mwanafunzi alishona siti za Volkswagen zile za mgongo wa kobe, na ndani yake alikuta nyuzi za makumbi ya nazi. Kwa maoni yake zilikuwa bora kuliko sponji ya siku hizi.

Rangi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko maelezo yangu haya. Tabaka la kwanza lilikuwa jepesi hata nikadhani kopo limeisha. Robo saa, la pili. Robo saa, la tatu. Nilitaka iliyong'aa, akaniuliza jioni huwa naelekea wapi. Moshi, nikajibu. Jioni, ukienda Moshi, jua linakupiga usoni, na dashibodi inayong'aa inajirudia kwenye kioo cha mbele mpaka huoni ng'ombe barabarani. Akapaka isiyong'aa. Kifuniko cha eabegi hakukigusa kabisa, na hapa alikuwa mkali: kile kimetengenezwa kipasuke kwa mstari wake, ukikijaza gundi na rangi hujui kitapasuka vipi siku ya siku. Vivyo hivyo kwa siti zenye eabegi ubavuni. Wanaozishonea kava nene kuzunguka kote wanazifunga mdomo.

Saa mbili kasoro, turubai likaanza kupigapiga. Vipande vilikuwa vimekauka kiasi cha kutoogopa vumbi. Mchana akavirudisha kimoja kimoja kutoka kwenye boksi lake, na hakubaki na skrubu mkononi. Klipu moja tu ilikuwa imevunjika, ya upande wa abiria, na hakuwa na nyingine. Alikataa kuweka gundi mahali pake, kwa sababu fundi atakayefungua baada yake ataivunja paneli.

"Italia," aliniambia. "Ivumilie. Carina nyingine ikifa nitakuita."

Ililia kweli. Kila nikipanda kona za Mbaga ilikuwa inagonga tik, tik, na nilijua ni ipi. Miezi mitatu ikapita. Jumapili moja simu ikaita mapema, giza bado halijatoka.

"Imekufa moja," alisema. "Njoo kabla ya upepo."