"Baba wa Kompyuta" na Mambo Wasiyoambiwa Watoto

Katika vitabu vya shule nilivyopata kuvisoma, somo la historia ya kompyuta huanza kwa sentensi isiyobadilika: Charles Babbage, Mwingereza, ndiye baba wa kompyuta. Kisha hufuata vizazi: cha kwanza ni cha mitambo ya vali, zile taa za kioo kama za redio za zamani, cha pili ni cha transista, na kuendelea. Somo hili lilitungwa kwa wanafunzi wakubwa, nalo sasa lateremshwa, likiwa limefupishwa tu, hadi kwa watoto wa miaka 7 au 8. Siupingi ufundishaji wenyewe, maana mtoto anayekishika chombo kila siku yafaa ajue kilikotoka. Shaka yangu ni juu ya lugha inayotumika.

Neno baba si neno jepesi kwetu. Mtoto akiambiwa ya kuwa kitu fulani kina baba, atataka kumjua mama, na baba mkubwa, na baba mdogo, wala hana makosa. Mwalimu ndiye hana la kumjibu. Tena Babbage, aliyefariki mwaka 1871, hakupata kuukamilisha hata mmoja katika mitambo yake mikubwa. Sehemu ya kuhesabu ya mmojawapo ilikuja kuundwa London mwaka 1991, kwa kuifuata michoro yake. Neno kizazi lapotosha zaidi. Vali haikuizaa transista. Transista ilipatikana mwaka 1947 katika maabara ya kampuni ya simu nchini Marekani, ambako watu walikuwa wakitafuta kitu cha kushika mahali pa vali katika kazi za simu.

Walakini kasoro kubwa imo katika jina la chombo chenyewe. Kwa Kiingereza, tangu karne ya 17, neno hilo lilikuwa jina la mtu ambaye kazi yake ni kupiga hesabu. Kiambishi tamati kile kile cha lugha hiyo hutaja mtenda, tena hutaja chombo, na kwa hiyo jina liliweza kuhama kutoka kwa mtu likaingia katika mashine bila kubadilika hata herufi moja. Kiswahili kwa kawaida hakina tabia hiyo: mfagiaji ni mtu, ufagio ni kitu, wala hapana awezaye kumchanganya mpimaji na kipimo. Sisi tulilipokea neno kompyuta lilipokwisha kuhama, likaketi katika ngeli ya vitu. Waliobuni tarakilishi nao walibuni jina la mashine. Basi mtoto wa Kiingereza aweza kuoneshwa mtu aliyejificha ndani ya neno; wa kwetu hawezi kumwona asipoambiwa.

Na watu hao walikuwapo kweli. Mtambo wa ENIAC, uliotangazwa Philadelphia mwezi wa Februari 1946, wenye vali 18,000 hivi na uzito wa tani 30, ulipangiwa kazi na wanawake sita. Walichaguliwa miongoni mwa wanawake waliokuwa wakilipigia jeshi hesabu za mizinga, na cheo chao kiliitwa kwa neno lile lile. Ni Kathleen McNulty, Frances Bilas, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Ruth Lichterman na Marlyn Wescoff. Vitabu hivyo vyataja uzito wa mtambo, wao haviwataji.

Nyuma zaidi yuko Mfaransa Gaspard de Prony. Katika miaka ya 1790 alipewa kazi ya kutunga majedwali makubwa ya hesabu, naye akaigawa kwa mafungu matatu: wataalamu wachache wakachagua kanuni, wengine wakazigeuza ziwe tarakimu za kuanzia, na kundi kubwa la watu wenye kujua kujumlisha na kutoa tu wakaimaliza. Babbage aliijua kazi hiyo, akaona ya kuwa fungu la tatu laweza kupewa mashine. Hapa ndipo lilipo somo la mtoto mdogo. Darasa la pili lajua kujumlisha na kutoa. Mwalimu na awapange kwa safu: mmoja ajumlishe, ampe jirani karatasi, jirani atoe, wa tatu akague. Kosa la mmoja litaonekana mwishoni mwa safu, na umeme hauhitajiwi. Atakayesema ya kuwa mtihani hauulizi mambo hayo amesema kweli, lakini hilo ni la kuambiwa watunga mitihani.

Tena yote haya ni ya ng'ambo, kana kwamba hapa petu hapakutokea kitu. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye marufuku hiyo ikaondolewa. Enzi hizo hesabu zilipelekwa mtamboni kwa kadi zilizotobolewa matundu, moja moja, kwa mikono ya makarani. Mtoto wa Dar es Salaam aweza leo jioni kuuliza nyumbani kama yupo katika jamaa zake mtu aliyepata kuifanya kazi hiyo.