Ufundi wa Kupima Giza

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambamo wachezaji huigiza wahusika wa kubuni huku mwendeshaji akiwasimulia wanayoyaona na kuyasikia, kipo kifaa ambacho siku hizi huandikwa katika orodha ya mizigo na kusahaulika humo, nacho ni mwenge. Kusahauliwa kwake ni dalili ya kufifia kwa ufundi wa kurekebisha uwezo wa kuona ambao kila jamii ya wahusika huzaliwa nao, ufundi uliolifanya giza la mapangoni liogopwe.

Uwezo huo hapo zamani ulikuwa na masharti yake. Vitabu vya mwaka 1978 na 1979 viliwapa madwafu, yaani wachimba mawe wafupi wa milimani, na maelfi, yaani watu wa misituni wenye umri mrefu, jicho la joto lililofika futi 60, ambalo halikutambua rangi bali joto la miili. Jicho hilo lilikuwa hazina kwa mwendeshaji stadi, kwa kuwa mwenge wa binadamu aliyefuatana nao ulilivuruga, adui mwenye damu ya moto aling'aa kama kaa jekoni, ilhali kitu chenye ubaridi sawa na wa ukuta kingeweza kusimama hatua tatu mbele yao kisitambulike. Mwendeshaji hakuwa na haja ya kulipunguza jicho hilo, bali alilisimulia kwa uaminifu, na kundi zima likalazimika kuamua nani atangulie gizani na nani abaki nyuma na moto.

Toleo la mwaka 2000 liliondoa joto na kuweka macho mawili: jicho la giza, lililoona kwa weusi na weupe tu, na jicho la mwanga hafifu, lililomwezesha elfi kuona mbali mara 2 ya binadamu penye mbalamwezi, lakini likamwacha kipofu penye giza totoro. Toleo la mwaka 2014 lilifuta tofauti hiyo na kuwapa jicho la giza madwafu, maelfi na jamii nyingine kadhaa. Na mwaka 2024 madwafu waliongezewa hadi futi 120, huku madrau, yaani maelfi wa chini ya ardhi, wakiondolewa hata udhaifu wa kutaabishwa na jua, ambao ndio uliokuwa gharama ya macho yao makali.

Hata hivyo, lawama zote haziwaangukii waandishi wa kanuni. Kanuni ya mwaka 2014 haisemi kwamba jicho la giza huugeuza usiku kuwa mchana. Husema kwamba giza huonekana kama mwanga hafifu, kwa vivuli vya kijivu, hivyo dimbwi la damu hufanana na dimbwi la maji, na anayetafuta mtego kwa macho hurusha dadu mbili za pande 20 na kuhesabiwa ile yenye namba ndogo. Meza nyingi huirukia sentensi ya kwanza na kuziacha zinazofuata, kana kwamba marekebisho ni lazima yabuniwe, ilhali pengine hutosha kuisoma kanuni hadi mwisho.

Hata hivyo, wapo waendeshaji wanaopunguza futi 60 za jicho la giza ziwe 30, na wapo wanaomrudishia elfi jicho lake la mwanga hafifu. Kelsey Dionne, katika mchezo wake wa Shadowdark wa mwaka 2023, aliwanyima wahusika wote jicho la giza na kuufanya mwenge uwake kwa saa 1 ya saa halisi ya ukutani. Dawa hiyo ni kali na inaponya, lakini nayo huwafanya wote kuwa sawa, ilhali uzuri wa ufundi wa kale ulikuwa katika tofauti, pale ambapo aliyeona na asiyeona walihitajiana. Katika meza za leo, binadamu aliye peke yake miongoni mwa wenye macho ya giza huomba mwenge uwashwe, na wenzake humsihi auzime asije akawafichua kwa adui. Mzigo uliokuwa wa kundi zima sasa ni wake peke yake.