Ukifika Lubumbashi, usiishie mu duka kubwa

Bandugu, orodha za "wapi kula, wapi kununua Lubumbashi" zinazozunguka ku simu zetu karibu zote zinafanana: hoteli mbili za katikati ya mji, duka kubwa moja lenye hewa baridi, basi. Si uongo, lakini ni mji nusu.

Mimi ningemutuma mgeni kwanza ku soko ya komini ya Kenya, asubuhi, na franka ndogo ndogo. Pale bunga ya mahindi inapimwa na meka mbele ya macho yake. Aulize bamama inatoka wapi. Mara nyingi watamwambia Zambia, imepitia Kasumbalesa. Saa sita aingie mu malewa: bukari ya moto, lengalenga ao sombe, na tomson ya kukaanga. Tomson nayo inakuja na barafu kutoka bahari ya mbali, wakati ziwa Mweru liko mu jimbo letu.

Kasoro ya orodha zetu ni hii: zinataja mahali, hazitaji chanzo wala majira. Wakati wa mvua uyoga wa pori unauzwa kando ya barabara ya Likasi; nani ameuandika?

Na mimi niliyesoma kilimo najilaumu. Binamu yangu wa Kinshasa nilimupeleka mu duka kubwa, juu niliona haya ya matope ya soko. Alinunua nyanya za kopo mu mwezi ule nyanya zilikuwa zinaozea ku meza za bamama.

Mwenye kuandika orodha ingine, aongeze mistari miwili tu: kintu kinatoka wapi, na kinapatikana mwezi gani.