Seva juu ya meza ya mwalimu

Vishikwambi ndivyo vilivyopigwa picha. Serikali ya Kenya ilipoanza kuvisambaza katika shule za msingi mwaka 2016, magazeti yalijaa watoto wa darasa la kwanza wakigusagusa vioo. Ndani ya shehena hiyo hiyo mlikuwa na vipakatalishi vya walimu, projekta, na kijisanduku ambacho hakuna mpiga picha aliyekihangaikia: seva ya maudhui na rauta katika umbo moja. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi masomo ya kidijitali na kuyarusha darasani, ili kishikwambi kiyapate bila kutegemea intaneti. Kwa mwalimu wa Kitale au Bungoma anayetaka wanafunzi wake waandike kitu kimoja kwa pamoja, kijisanduku hicho kina manufaa zaidi kuliko vishikwambi vyenyewe, na ndicho kilichofikiriwa kidogo zaidi.

Safari ya mradi wenyewe inajulikana. Ahadi ya kampeni ya 2013, zabuni ya 2014 iliyobatilishwa, kisha mwaka 2016 kazi ikagawiwa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pamoja na Positivo BGH. Zaidi ya shule 21,000 zilifikiwa na vifaa zaidi ya milioni moja. Kwa kiwango cha usambazaji, hiyo ni kazi kubwa, hata kama shule nyingi ziliishia kuvifungia vifaa kwenye kabati la chuma kwa kuogopa wezi.

Kasoro ninayotaka kuichambua ni nyingine. Mfumo ulijengwa kwa mwendo wa upande mmoja. Somo linatoka kwenye seva, linaingia kwenye kishikwambi, mtoto analitazama na kubonyeza jibu. Alichokiandika mtoto wa dawati la mbele hakimfikii wa dawati la nyuma. Mtaala wa umilisi, kwa upande wake, unataja mawasiliano na ushirikiano kuwa miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi, na ujuzi wa kidijitali umo kwenye orodha hiyo hiyo. Mawili hayo yalipaswa kukutana kwenye ukurasa mmoja.

Walimu walipolazimika kutafuta wenyewe, waliishia WhatsApp. Shule zilipofungwa Machi 2020, makundi ya darasa yalichipuka kila mahali, na hadi leo mwalimu wa magharibi mwa Kenya anatuma kazi na kupokea picha za daftari humo. Nafahamu sababu: programu tayari imo kwenye simu ya mzazi na bando lake ni rahisi. Lakini kundi la WhatsApp ni mfululizo wa maneno, kila ujumbe ukisukuma uliotangulia juu. Mwanafunzi akikosea na mwenzake akamsahihisha, kosa linabaki pale pale na sahihisho linakaa mbali nalo. Wanafunzi arobaini wakijadili swali moja unapata maandishi mengi na hakuna jibu hata moja lililokamilika. Kazi ya pamoja inahitaji maandishi yanayobadilika mahali yalipo, kila mtu akiyaona yakibadilika.

Hapo ndipo penye ufundi, na inafaa tuutazame kwa karibu.

Tuseme ukurasa una sentensi hii: «Mvua ilinyesha Kitale.» Kundi la kwanza linataka kuongeza neno «kubwa» baada ya «Mvua». Kundi la pili, wakati huo huo, linataka kuongeza «jana» kabla ya nukta. Kompyuta haielewi «kabla ya nukta». Inahesabu herufi na nafasi. Kwa hiyo kundi la kwanza linapeleka agizo: baada ya herufi 5, weka «kubwa» na nafasi moja. La pili: baada ya herufi 21, weka nafasi moja na «jana». Seva inapokea la kwanza kwanza, sentensi inarefuka kwa herufi 6. Ikitekeleza la pili kama lilivyo, «jana» litajibandika mbele ya «Kitale» na sentensi itaharibika: «Mvua kubwa ilinyesha  janaKitale.» Seva iliyotengenezwa vizuri inatambua kwamba agizo la pili liliandikwa kabla ya mwandishi wake kuliona la kwanza, kwa hiyo inalisogeza: 21 inakuwa 27. Kila kioo darasani kinaonyesha «Mvua kubwa ilinyesha Kitale jana.»

Mbinu hii ya kusogeza maagizo ilielezwa na Ellis na Gibbs huko Marekani mwaka 1989, kabla wavuti haijafika kwa watu. Ndiyo iliyomo ndani ya Google Docs, na ndiyo iliyomo ndani ya Etherpad, programu iliyotolewa 2008. Google iliwanunua wenye Etherpad mwaka uliofuata na msimbo wake ukaachwa wazi kwa umma. Uwazi huo una maana kubwa kwetu. Google Docs inaishi kwenye seva za Google. Etherpad inaweza kuishi kwenye kipakatalishi kilicho juu ya meza ya mwalimu, au kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kutoshea kiganjani.

Umbali kati ya seva na mwanafunzi ndio unaoamua kama somo litaendelea. Mwanafunzi wa Kiminini akiandika herufi kwenye Google Docs, herufi hiyo inapanda mnara wa simu, inasafiri hadi kituo cha data pengine nje ya nchi, kisha inarudi kwa jirani yake anayekaa umbali wa mkono. Watoto thelathini wakifanya hivyo kupitia modemu moja, maandishi yanaanza kurukaruka, wanafuta walichodhani hakijafika, na bando linakwisha kabla ya kipindi. Seva ikiwa darasani, herufi inavuka chumba tu na bando halihitajiki kabisa.

Utekelezaji wake hauna mazingaombwe. Etherpad inawekwa kwenye kipakatalishi cha mwalimu siku ambayo kuna intaneti. Darasani rauta inawashwa bila laini, na mwalimu anaandika ubaoni anwani ya kipakatalishi, tarakimu za aina ya 192.168.1.10:9001, ambapo 9001 ndio mlango wa kawaida wa Etherpad. Wanafunzi wanafungua kivinjari na kuiandika. Hakuna kujisajili wala nywila. Rauta isipokuwepo, Windows inaweza kugeuza kipakatalishi chenyewe kuwa kituo cha Wi-Fi, ila hukubali vifaa 8 pekee. Simu ya mwalimu nayo inafaa, nyingi zikikomea karibu vifaa 10. Vishikwambi vya Android vina tabia moja ya kuudhi: vikiona Wi-Fi haina intaneti huuliza kama vibaki au viondoke, na mtoto asiyeelekezwa atabonyeza viondoke. Mwalimu aseme mapema. Stima ikipotea, kipakatalishi kitaendelea kwa betri na rauta itazima, basi rauta iwe ni ile inayokubali kuchomekwa kwenye pawabenki.

Wazo la kulibeba darasa zima na mtandao wake si geni katika ukanda huu. Barabara inayopita Kitale kuelekea Lodwar ndiyo inayofika Kakuma, ambako Wakfu wa Vodafone na shirika la wakimbizi la UNHCR waliweka vituo vya aina hiyo. Nairobi nako, kampuni ya BRCK ilitoa mwaka 2015 sanduku la Kio lenye vishikwambi 40 vinavyojichaji vikirudishwa ndani. Yote mawili ni uhandisi mzuri. Hata hivyo vilitumika zaidi kama maktaba zinazosafiri, na swali la watoto kuandika pamoja likabaki kwa mwalimu.

Swali hilo ndilo gumu kuliko waya zote. Vifaa hivi vya ushirikiano vilibuniwa na watu wanaodhani kila mtu ana kompyuta yake. Etherpad humpa kila mwandishi rangi, na ina kitelezi kinachorudisha nyuma uandishi wote, mpigo kwa mpigo, kuonyesha nani aliandika nini na lini. Mwalimu wa Helsinki akiona rangi ya waridi anajua ni mtoto gani. Mwalimu wa Webuye mwenye wanafunzi 48 na vishikwambi 12 anaona rangi ya waridi na anachojua ni kwamba mmoja wa watoto wanne aliandika. Mara nyingi ni yule mwenye mkono mwepesi, aliyewahi kuchezea simu nyumbani, na wenzake watatu wanamtazama. Rangi inasema kundi limeshirikiana wakati mtoto mmoja amefanya kazi na watatu wamepumzika.

Hili lina uzito kwa sababu mtaala unamtaka mwalimu ampe kila mtoto daraja lake, kuanzia chini ya matarajio hadi kuzidi matarajio. Akitegemea historia ya ukurasa peke yake, atampa mtoto mmoja daraja la wanne.

Tiba iliyo rahisi kuliko zote haimo ndani ya programu. Kila mtoto anaanza mstari wake kwa namba yake ya darasa, 07 au 31, kisha anaandika. Kishikwambi kinazunguka kila baada ya dakika tano. Asiyeandika ana kazi: mmoja anasoma makundi mengine yameandika nini, mmoja anatafuta ushahidi kitabuni, mmoja anamsahihisha mwandishi kwa mdomo. Katika kipindi cha dakika 40 cha sekondari ya msingi, toa kumi za kugawa vifaa na kufungua anwani, nyingine tano za kuvirudisha. Inabaki mizunguko mitano, na kila mtoto wa kundi la wanne anapata zamu. Kitelezi sasa kina maana, kwa sababu namba zinaeleza kile rangi imeshindwa kueleza.

Namba badala ya jina ina faida nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data binafsi za mtoto. Mwalimu anayewafungulia watoto wa miaka 11 akaunti katika tovuti ya ng'ambo, kwa majina yao kamili na jina la shule, anaingia mahali ambapo hajaalikwa. Ukurasa ulio ndani ya kipakatalishi chake, wenye 07 na 31, hautoki nje ya lango la shule.

Nitaongeza sababu moja ya kibinafsi ya kupendelea seva ya nyumbani: vifaa vya bure vya ng'ambo hufa. Wikispaces, iliyopendwa na walimu wengi duniani kwa kutengenezea kurasa za darasa, ilifungwa 2018. Jamboard ya Google, ubao wa kuchorea pamoja, ikafuata mwishoni mwa 2024. Kila mara mwalimu aliyekuwa ameandaa masomo yake humo alipewa tarehe ya kuhamisha vitu vyake.

Sasa tuunganishe miji miwili. Chukua shule moja Kitale na moja Bungoma, kila moja na seva yake, zikitaka kutengeneza kazi ya pamoja. Somo jepesi ni mvua: Trans Nzoia hulima mahindi kwa kuitazama mbingu, na chupa ya plastiki iliyokatwa na rula vinatosha kuwa kipimo. Hapa hakuna mgongano. Kila shule inajaza safu yake na haigusi ya mwenzake.

Historia ndiyo inayofichua mipaka ya mbinu. Watoto wa Kitale wanaweza kwenda kwenye makumbusho ya mji wao, yaliyoanza kama mkusanyiko wa Kanali Stoneham mwaka 1926. Wa Bungoma wana Chetambe, karibu na Webuye, ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Wote wana Mlima Elgon, na kuhusu nani alitangulia kukaa miteremko ipi, Mbukusu na Msabaoti hawasimulii mamoja. Ardhi hiyo imewahi kumwaga damu, na machafuko ya 2006 hadi 2008 bado yanakumbukwa na wazazi wa watoto hawa. Mbinu ya Ellis na Gibbs inapatanisha nafasi za herufi. Mstari mmoja ukikanusha mwingine, programu itaiweka yote miwili kwa mpangilio safi na kuendelea. Hapo mwalimu aweke kanuni kabla ya kuwasha rauta: hakuna kufuta mstari wa mwenzako, anayepinga anaandika chini yake, na anataja aliyemsimulia, babu, kitabu au kibao cha makumbusho. Ningependa kuona kurasa za namna hiyo kuliko insha mia zilizokubaliana.

Kusafirisha kurasa hakuhitaji muunganisho wa kudumu. Etherpad hutoa ukurasa kama faili lenye historia yake yote ndani, dogo la kutumwa jioni kwa simu moja. Lakini kujaribu kuzichanganya nakala mbili zilizoandikwa wiki nzima bila kuonana ni kutafuta taabu, maana mpangilio wa maagizo ulikuwa kazi ya seva moja na sasa zipo mbili. Afadhali kila shule imiliki kurasa zake. Ukurasa wa Kitale unapofika Bungoma unafunguliwa kama mpya, maoni yanaandikwa chini kwa namba za watoto wa Bungoma, na faili linarudi likiwa na jina tofauti. Likirudi na jina lile lile, ni rahisi kulichanganya na ukurasa ambao Kitale iliendelea kuuandika huku ikisubiri majibu.