Ufundi wa Kuhamisha Maandishi

Katika hifadhidata ya MySQL, “Asha”, “ASHA” na “asha” ni jina moja. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2018, kanuni yake ya kawaida ya kulinganisha maandishi, utf8mb4_0900_ai_ci, haibagui herufi kubwa na ndogo, wala haijali alama za lafudhi: José na Jose kwake ni mamoja. Katika hifadhidata ya PostgreSQL, “Asha”, “ASHA” na “asha” ni majina matatu. Data huhama kwa urahisi, lakini kanuni hiyo hubaki ilikotoka.

Madhara yake hutegemea upande data inakoelekea. Ikitoka PostgreSQL kwenda MySQL, safu ya baruapepe yenye sharti la upekee hugoma papo hapo, kwa kuwa anwani zilizotofautiana kwa herufi kubwa tu sasa zinagongana. Hiyo ni nafuu: kosa limejitangaza. Ikitoka MySQL kwenda PostgreSQL, kila kitu huingia bila lawama. Baadaye mteja aliyejisajili kwa herufi ndogo huandika anwani yake kwa herufi kubwa, mfumo haumwoni, naye hujisajili upya. Mtu mmoja ana akaunti mbili, na hakuna onyo lililotolewa.

Ndiyo maana fundi hodari hukagua kila safu ya maandishi kabla ya kuhamisha chochote. Baruapepe hulinganishwa bila kubagua herufi kubwa na ndogo. Msimbo wa Base64 ni lazima ulinganishwe kwa kuzibagua, kwani humo “A” na “a” zina thamani tofauti.

Kisha huchagua njia ya kulinganisha bila kubagua ndani ya PostgreSQL. Faharasa ya upekee juu ya lower(email) ni nyepesi na ya wazi, ila kila ulizo lazima liandikwe kwa lower() ileile. Aina ya citext huibeba kazi hiyo ndani ya safu yenyewe. Tangu PostgreSQL 12 ya mwaka 2019, kanuni za kulinganisha za maktaba ya ICU zenye deterministic = false zaweza kupuuza hata lafudhi, ingawa LIKE ilikubaliwa nazo katika toleo la 18 tu. Lugha pia huzingatiwa: kwa Kituruki, herufi ndogo ya “I” ni “ı” isiyo na nukta.

Mwisho, maulizo yaleyale huendeshwa katika mifumo yote miwili na majibu kulinganishwa. Ustadi huu unastahili heshima, kwa kuwa sharti lililojificha katika mipangilio ya mfumo wa zamani huandikwa waziwazi katika muundo wa jedwali, na kila atakayelitunza atalisoma.